Waya Mmoja kwa Kila Nyumba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, kwa hiyo sitapoteza wino kwa salamu. Mwaka umepita tangu tukuzike na hasira zangu hazijapoa. Najua mtoto hamkasirikii mzazi aliye kaburini. Nimejaribu kunyamaza nikashindwa, na barua hii nataka isomwe na kila aliyesema barazani kwamba fundi umeme wa Mkunazini aliuliwa na macho ya binti yake.

Unakumbuka ulivyoanza kunifundisha? Mtoto wa jicho alikuwa ameshaziba jicho lako la kulia, na la kushoto lilikuwa linafuata. Hukutaka mtu ajue kuwa fundi haoni namba. Ukanikalisha sakafuni na ile mita yako ya kupimia umeme, yenye mfuko wa ngozi, ukanionyesha sindano inavyopanda na kushuka. Ukaniambia, "Sema unachokiona, usiseme unachokitaka." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikavaa buibui, nikabeba bisibisi na koleo zako nyumba hadi nyumba, na wewe ukiwaambia watu kwamba nakusindikiza tu. Uongo ule haukuniudhi hata kidogo. Nilijiona mtu.

Kisha ikaja ile wiki ya kupaka nyumba chokaa kuukaribisha Ramadhani. Mtu aliyekuwa akipaka chokaa alirushwa na umeme ukutani, karibu na mlango wa wikio, ule ujia wa juu unaovuka kichochoro kwenda nyumba ya Ami, nduguyo. Swichi kuu ya nyumba yetu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Ukacheka, ukasema kazi hiyo utaimaliza kabla ya adhuhuri.

Siku tatu tuliupima waya wa ukuta ule, swichi imezimwa. Asubuhi sifuri. Adhuhuri volti mia mbili na ishirini. Ukenda kunywa maji ukirudi, sifuri tena. Kwanza ukasema ukuta umelowa. Kisha ukasema mita imeingia unyevu. Siku ya tatu ukasema ni macho yangu, na hapo ndipo uliponiumiza, Baba, kwa sababu macho yaliyokuwa mabovu ndani ya nyumba ile hayakuwa yangu.

Nilikuomba nivuke wikio niufuate ule waya hadi unakoishia. Wewe hukuweza. Upande wa pili ni ukumbi wa wanawake wa nyumba ya Ami, na mwanamume hapiti pale mpaka apige hodi na angoje wajisitiri. Mimi nilikuwa nikipita kutwa mara kumi na sahani mkononi. Ukanikataza. Ulisema waya wa nyumba yetu unaishia mlangoni petu, na fundi ni wewe.

Siku ya nne ulizima swichi kuu, ukang'oa fyuzi zote mbili ukazitia mfukoni. Ulisimama miguu mitupu juu ya sakafu iliyomwagikiwa maji ya chokaa. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye waya na nyingine kwenye bomba la maji. Ilikuwa sifuri. Ulipokuwa unatafuta koleo, sindano ikaruka.

"Mia mbili na ishirini, Baba."

"Fyuzi nnazo mfukoni. Umeme utoke wapi? Soma tena."

Nikasoma tena. Kisha ukaushika ule waya.

Bi Salma, mke wa Ami, alitokea mlango wa wikio na sahani ya visheti, akakukuta chini. Waliokuosha wakazikuta fyuzi mfukoni mwako. Ami alipewa akazitia kibindoni, asimwambie mtu.

Siku ya tatu ya matanga, mikeka bado imetandikwa chini, nikapanda juu nikaweka mita palepale, fyuzi zetu bado hazijarudishwa. Nikamwomba Bi Salma awashe na azime taa ya wikio kutoka upande wake. Akiwasha, mia mbili na ishirini. Akizima, sifuri. Taa ile ilikuwa inachukua umeme nyumba ya Ami na kuurudisha kwa waya wa nyumba yetu. Kila mtu wa kwao alipowasha apite gizani, waya wetu uliotolewa fyuzi ulijaa umeme usio na pa kwenda.

Nikampelekea Ami habari hiyo. Hakushangaa hata kidogo. Akasema Bibi, mama yenu, ndiye aliyetaka, ulipokuwa wewe Pemba kazini: kila nyumba itoe waya mmoja, asiwepo mtoto wake atakayesema taa ni yake. Bibi aliyewagawia hata kichwa cha samaki katikati! Na fundi wa siku hizo akatii, kwa kuwa taa iliwaka. Nikamwambia Ami awaeleze watu. "Mama yetu nshamzika," akasema, "simfukui kwa ajili ya taa." Jioni ile alikaa barazani akasema mtoto wa kike alisoma vibaya. Alijua, Baba. Alijua, akanipa mimi mzigo wa mama yake.

Kwa hiyo namkasirikia yeye, na nakukasirikia wewe uliyeiamini swichi ukaniacha mimi. Lakini nimewaambia watu wote kwamba nilikwambia mara mbili, na hilo si kweli. Mara ya pili sindano ilikuwa imesimama palepale. Nikakutazama usoni ulivyokunja uso, nikaona haya kumbishia baba yangu. Nikasema, "Labda nimekosea, Baba." Ndipo uliponyoosha mkono.

Hakuna aliyesikia ila wewe. Sasa wamesikia wote, na wanihukumu watakavyo.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuomba radhi kwa neno lile. Na wewe, Baba, uliyenifanya nilionee haya lile la kweli, niombe radhi na mimi.

Binti yako