Wifi Yangu Juu ya Meza

Shoga, uko? Bado nacheka peke yangu.

Unamkumbuka wifi yangu alivyonisema mbele ya ukoo mzima? Eti kwa nini nilimwacha binti yangu ahangaike na bomba bovu mpaka akatufurikisha. "Huyu mtoto analelewa na nani, na paka?" Na paka, shoga!

Sasa sikia. Leo tuko kwake, bomba la jikoni likang'oka. Maji yanaruka hadi darini. Mwanawe mwenye ndevu, yule anayemenyewa machungwa mpaka leo, kapanda juu ya meza analia, "Mama! Mama!" Na mama mtu naye akapanda!

Wote wawili. Juu ya meza.

Binti yangu wala hakuniangalia. Katoka nje, kafunga koki kubwa, maji yakakatika. Wifi, kalowa chapachapa, akamuuliza nani kamfundisha. "Hakuna, shangazi. Tulipofurika kwetu niliitafuta koki mwenyewe mpaka nikaiona."

Mimi nilikuwa nimeshapiga picha. Meza, ndevu, wifi kashika sketi. Nimeituma kwenye kundi la familia bila neno hata moja.

Mume wangu ananipigia mfululizo. "Mke wangu, ifute, yule ni dada yangu."

Nimemwambia nitaifuta, asiwe na wasiwasi.

Nasubiri tu mama mkwe apate miwani yake.