Utando Ulioufagia Siku ya Kuondoa Kilio

Kilibula, Uvira
9 Septemba 2024

Mpendwa yaya Sidonie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe mkubwa wetu huko Lubumbashi, pamoja na shemeji Libérat na watoto. Baridi ya huko imepungua? Na kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Mke wangu Noella alishikwa na malaria, sasa ameinuka. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila ninapofika penye maana.

Mvua ya kwanza imepiga, na kaburi la Mama limebonyea upande wa miguu. Nimelijazia udongo peke yangu. Mdogo wetu Étienne hakuja. Siku hizi hanywi hata maji kwangu, na wewe unajua kwa nini.

Najua desturi yetu. Siku ya kuondoa kilio, wanawake wa familia wanafagia nyumba yote, maana utando ukionekana watu watasema marehemu hakuwa na watoto. Ulifagia vizuri, yaya. Lakini nani alikutuma chumba cha nyuma, kwenye masanduku yangu ya plastiki?

Umeniona nikifuga buibui wa manyoya tangu ujana. Hawa wa rangi ya tofali niliwatoa Luberizi, kwenye mashina makavu kando ya mashamba ya mpunga. Wana mbio kuliko mjusi, na hawawezi kukaa bila kufuma. Ukiwapa udongo na kipande cha gome, baada ya muda sanduku zima linakuwa jeupe, njia juu na njia chini. Utando ule ndio nyumba yao. Anayewafuga hafungui kifuniko ovyo: anagusa utando kwa kijiti kwanza, ajue mwenyeji yuko wapi, na kikombe kirefu kiko tayari mkononi. Mimi sijaumwa hata mara moja.

Wewe uliona uchafu. Ukaingiza ufagio kwenye sanduku la yule jike mkubwa kama mtu anayesonga bugali. Kile kimpira cheupe ulichokitupa motoni kilikuwa kifuko cha mayai yake, na nilikuwa nimekingoja sana. Jike mwenyewe alipanda ufagio, akapita juu ya mkono wako, akaangukia mkeka wa wageni. Jirani yetu Émérance akamponda kwa mchi. Hakukuuma, ingawa haki alikuwa nayo.

Hapo ningenyamaza. Iliniuma, lakini anayefuga amezoea kupoteza. Wewe sasa ukatoka uani, mbele ya watu wote wa kilio, ukapaza sauti: “Muone! Njo hii minyama Osée anafugaka! Njo ilimaliza mama yetu!”

Neno hilo, kwamba wanyama wangu ndio waliomuua Mama, halikufa na kilio. Walioniletea redio na simu zao nitengeneze wamekuja kuzichukua kabla sijazifungua. Noella akifika bombani, wenzake wanavuta bidoni zao za maji pembeni. Kwaya imemwambia apumzike kidogo. Unajua huku mtu aliyeitwa mchawi anaishia wapi.

Mama aliuawa na moyo, yaya. Daktari alikueleza wewe mwenyewe, ukaitikia kwa kichwa kwamba umeelewa. Na nikienda Luberizi, aliyewatupia panzi buibui hawa alikuwa Mama mwenyewe. Kila asubuhi aliniuliza habari za yule jike wa sandukuni: “Ule mama wa mu boîte iko aje? Hajatokaka?” Émérance alipomcheka, alimjibu kwamba yeye hamwogopi anayekaa nyumbani mwake: “Minye siogopake mwenye kukaa kwake.” Ungekuwa unakuja kumwona, ungeyasikia hayo.

Baba mdogo Thaddée ananishauri nichome masanduku yaliyobaki, eti watu watulie. Nimekataa. Nikiyachoma, nimekubali. Buibui wapo, wanafuma, na mimi nawapa maji kama kawaida, nikiwa na hasira ambayo haiwahusu.

Ulimwambia Noella kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, lakini aliyeyamwaga ni wewe. Sikudai buibui wala mayai. Utakapokuja kwa misa ya mwaka, simama uani kwangu, watu wale wale wakiwepo, useme kwa sauti ile ile kwamba Mama aliugua moyo na kwamba ulilijua hilo. Ukiona huwezi, fikia kwa Étienne. Hapa hatutakuandalia kitanda.

Msalimie shemeji Libérat, na wanao Espoir na Vanessa. Noella anakusalimu pia, nilimwomba afanye hivyo. Mungu awalinde nyote njiani na nyumbani, naye akulegeze ulimi wako upande wa kweli.

Nasikia umewakataza watoto kunipigia simu. Siku watakapokuuliza mjomba wao alimfanyia nini bibi yao, waambie: alimbeba mgongoni mpaka hospitali, na mimi sikuwepo.

Ndugu yako, bado nakupenda, ila kwa shida,

Osée