Baba, Kibati Chako Kilikuwa Ubaoni

Mwaka umetimia, Baba, tangu lilipolazwa chini lile jengo la ghorofa ishirini na mbili, nawe ukiwa ndani yake. Wenzako wakiwekewa kumbukumbu husifiwa ucheshi na ukarimu. Wewe tutakusifu kwa shaka zako, maana ndizo tulizokujua nazo, na sisi wanao umeturithisha hizohizo.

Hukuwa mtu wa kuamini kitu. Ukikaribishwa nyumbani kwa watu, kabla hujaketi ulikuwa umeshagonga ukuta kwa vidole na kutega sikio, mwenyeji akikutazama na sinia mkononi. Chai ulionja kidogo kwanza, hata kama aliyeipika ni Mama. Mdogo wetu wa mwisho alipomleta mchumba wake, ulimzunguka yule kijana mara mbili kama unayetafuta nguzo ya kutoboa, ndipo ukampa mkono. Hadi leo akiingia kwetu hutazama nyuma.

Lakini shaka hiyohiyo ndiyo iliyowarudisha watu wako makwao wazima kwa miaka ishirini na sita. Uliangusha majengo thelathini na moja, na hakuna hata paka aliyebaki ndani. Paka tunamtaja kwa sababu yupo: ulisimamisha kazi siku nzima kwa ajili yake. Injinia akakufokea, paka akakuparura, ukarudi nyumbani na mkono umefungwa ukituambia kwamba wote wawili hawana shukrani.

Watu walidhani kazi yako ni kubonyeza kitufe. Hawakukuona wiki sita unatoboa nguzo, unashindilia baruti, unafunga nyaya na kuzirudia, yote hayo kwa ajili ya sekunde tisa. Ulikuwa ukisema kuangusha si kazi, hata mvua huangusha. Kazi ni kuliambia jengo lilale wapi, likakusikia.

Siku ya kulipua hakuna anayeingia ndani na simu wala redio, maana mawimbi yake yanaweza kuwasha baruti kabla ya wakati. Aliyeingia hapigi wala hapigiwi. Ndiyo sababu ukatunga utaratibu wa ubao. Ulipigilia ubao getini, wenye misumari, na kila msumari ukaupa kibati chenye namba ya mtu. Anayeingia huchukua chake, anayetoka hukitundika. "Msumari mtupu, mtu yumo," uliwaimbia mpaka wakachoka. King'ora hakikulizwa hadi misumari yote iwe imevaa. Chako kilikuwa namba moja.

Jumapili ile saa nne asubuhi kibati namba moja kilikuwa ubaoni, Baba. Wewe ulikuwa ngazini. Lifti zilikuwa zimeshang'olewa na ngazi zenyewe zimekatwa nusu, na king'ora hutoa dakika tano tu. Waliokufukua walisema ulikuwa umeshafika ghorofa ya tatu, unashuka.

Hapo kwenye kibati ndipo Mama alipoweka kambi mwaka mzima. Kampuni ilileta shada la maua kubwa kuliko mlango wetu. Mama akalizunguka, akauliza watu hutoa maua makubwa hivyo wakiwa wanaficha nini. Ripoti ya kurasa nne ilisema ulitoka, ukakitundika kibati, kisha ukarudi ndani kwa hiari yako bila kukichukua. Mama aliisoma mara moja tu. Mtu aliyekuwa akirudi kutoka barabarani kuhakikisha jiko limezimwa, alisema, halafu anarudi tena kuhakikisha alihakikisha, huyo ndiye wa kusahau kibati? Nasi tukaona hivyohivyo. Kuna mkono uliokitundika, na mkono una mwenyewe.

Shaka ikamwangukia msaidizi wako, yule mliyemwita Upesi kwa sababu kufunga kamba za viatu tu humchukua nusu saa. Yeye ndiye aliyeutazama ubao, akaona umejaa, akaamuru king'ora kilie. Yeye ndiye aliyebonyeza. Wewe hukuwa unabonyeza. Kila mara baada ya mzunguko wa mwisho ulikuwa ukienda kusimama peke yako ng'ambo ya barabara, umelipa jengo mgongo, kwa kuwa hukupenda kuliona likienda. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kutokukuona. Na wiki ya tatu baada ya mazishi, Upesi akapewa kazi yako. Kiti kilikuwa hakijapoa. "Kikulacho ki nguoni mwako," Mama akatuambia, na tukajua anayesemwa ni nani.

Upesi naye hakujisaidia. Alikuja kila mwisho wa wiki. Akatengeneza bomba la jikoni, akauinua mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu, akakataa hata maji ya kunywa. Mama alikaa kitini akiitazama ile mikono yake. Asiye na hatia, alisema, hatengenezi bomba la watu bure. Mwezi wa nne akamfungia mlango. Upesi aligonga, akangoja, akaacha mfuko wa misumari kizingitini akaenda zake, na ile misumari tuliijadili siku mbili: ya nini, anatutisha, anatudhihaki? Kumbe ilikuwa ya dirisha la nyuma, aliloahidi kulipigilia.

Mwezi wa tano Mama alivaa nguo zake za kutokea akaenda kazini kwenu asubuhi, watu wakiwa wamekusanyika kugawiwa kazi. Akasimama mbele ya ubao uleule, akamnyooshea Upesi kidole.

"Huyu ndiye aliyekitundika," alisema. "Haya, anayetaka kuingia na aingie, huyu akiwa getini."

Hakuna aliyeingia, na huwezi kuwalaumu. Mtu akishashukiwa juu ya ubao, hafai hata kufagia. Upesi hakujibu neno, nasi tukahesabu kule kunyamaza kuwa ndiko kukiri. Siku hizi yuko uani kwa muuza matofali, anagonga saruji kavu kwenye matofali yaliyookotwa ili yauzwe tena, na vijana uliowafundisha wewe wanampita kama hawamjui. Tuseme kweli, Baba, maana hapa si mahali pa kujipamba: tulifurahi.

Bibi, mama yako, hayo hakuyajua. Ana miaka themanini na mitatu, na siku ile uliyokufa ndiyo siku pekee aliyokubali kuja kuona kazi yako. Tukamwambia jengo lilikuwahi, basi. Habari za ubao, za ripoti, za Upesi, tulizizungumza chini kwa chini. Akiingia chumbani tunaanza kusifia jua na mawingu, hata siku moja akauliza tangu lini nyumba hii imejaa watu wa hali ya hewa. Yeye alibaki na koti lako la bluu. Kila asubuhi hulikunja na kuliweka juu ya mto.

Wiki mbili zilizopita tuliketi sebuleni kuandika tangazo hili la kumbukumbu, na lilikuwa tangazo jingine kabisa. Lilikuwa la kumwanika Upesi. Mama alikuwa ameshatunga sentensi zake, kali, na wakubwa wawili miongoni mwetu tulikuwa tunazinoa zaidi. Ndipo mdogo wetu akasema si vizuri Bibi akose neno lake katika kumbukumbu ya mwanawe. Tukamwita. Tukamuuliza anakumbuka nini cha asubuhi ile, tukitarajia machozi na dua.

Alikumbuka jasho lako. Ulitoka kunywa chai palepale karibu na geti, kibati kikiwa bado mfukoni kwa kuwa ulikuwa unarudi kufanya mzunguko wa mwisho. Akakuona umelowa mgongo mzima, akakuamuru uvue koti. Ukavua, bosi wa watu wote wale, kama mtoto anayepelekwa kuoga, ukampa akushikie, ukaingia ndani na shati tu. Baadaye mlinzi wa geti akaja kuwaondoa wageni wakakae mbali, nyuma ya utepe. Akatangulia mbele akiwaswaga watu, na Bibi, kwa miguu yake ile, akawa wa mwisho. Alipofika kwenye ubao akahisi kitu kigumu mfukoni mwa koti.

"Nikakitoa," Bibi alisema, akitabasamu. "Naona msumari mmoja hauna kitu, mingine yote inavyo. Nikasema, huyu tangu udogoni hajui kurudisha kitu mahali pake. Nikamtundikia. Na hilo liandikeni, kwamba mama yake alimtundikia."

Mdogo wetu aliendelea kuandika hadi mwisho wa mstari, ndipo akaiweka kalamu chini. Mama aliinuka akaenda jikoni. Tukasikia bomba likimwaga maji muda mrefu, na hakuna alichokuwa akiosha. Koti tulikuwa tukiliona kila siku, Baba. Tulimshuku injinia, tukamshuku mlinzi, tukashuku maua. Nawe ubao wako uliutungia kila uzembe wa mafundi na walevi na wavivu. Hukuutungia mama anayepanga vitu vya mwanawe.

Kesho yake Mama alikwenda uani kwa muuza matofali, sisi nyuma yake. Upesi alikuwa amechutama, vumbi hadi kwenye kope. Mama alimwambia yote akiwa amesimama, kisha akakosa pa kuweka mikono.

"Nilijua, Shemeji," Upesi alisema. "Tangu mwezi wa pili. Mlinzi aliniambia aligeuka akamwona Bibi amesimama ubaoni."

Mama akamuuliza kwa nini basi alinyamaza siku ile mbele ya watu.

"Ningesema nini? Kwamba ni mama yake mzazi? Mimi nina mikono ya kugonga matofali. Yeye ana miaka themanini na ngapi, utampa nini cha kushika?" Akageuza tofali lililokuwa mikononi mwake. "Na aliyebonyeza ni mimi. Liacheni hivyohivyo."

Mama, ambaye hajawahi kuambiwa jambo jema asiligeuze kutazama upande wa pili, aliyageuza maneno yale njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakupata kitu upande wa pili. Alilia barabarani, watu wakipita.

Tukagombana siku nne. Tukisema ukweli, tunammaliza Bibi. Tukinyamaza, tunamwacha Upesi kwenye vumbi ambalo sisi ndio tuliomtia. Mmoja wetu alipendekeza tuandike tu kwamba familia haina tena shaka na mtu yeyote, maneno ya kupitia katikati. Na mwenye wazo hilo ndiye anayeandika haya, kwa hiyo msimtafute. Tulinong'ona jikoni, tulinong'ona uani, tukasahau kwamba shaka zako, Baba, hukuziokota njiani. Siku ya tano Bibi alimwita Mama chumbani, akamwambia afunge mlango. Alitaka kujua kwa nini tangu aliposema habari ya kile kibati hakuna anayemtazama usoni.

Mama alimweleza. Bibi aliuliza jambo moja tu, msumari mtupu maana yake nini, akaambiwa. Hakulia. Alilala akiutazama ukuta siku mbili, hakula, na tukadhani ndiyo basi, tutaandika kumbukumbu mbili kwa wakati mmoja. Siku ya tatu aliketi kitandani akaomba uji. Alipomaliza akauliza yule aliyesingiziwa yuko wapi. Mama akamwambia alipo, na kwamba mwenyewe ameomba liachwe hivyo.

"Nimezaa, na niliyemzaa nimemzika," Bibi alisema. "Kusingizia sijawahi, na sianzi kwenye uzee huu. Andikeni."

Basi tumeandika. Vijana mliofundishwa kazi na Baba, mkisoma haya mjue Upesi hakukigusa kibati kile, na anajua ubao kuliko ninyi nyote. Mnajua alipo. Kamchukueni.

Wanaokukumbuka, Baba: mama yako mzazi, ambaye ndiye aliyekitundika kibati namba moja, na ametaka iandikwe hivi bila kupunguzwa neno; mkeo, aliyemnyooshea mtu kidole mbele ya watu, na mbele ya watu anamwomba radhi; wanao watatu, tulioshangilia; mkwe wako, ambaye bado anatazama nyuma; na Upesi, aliyebonyeza bila kujua na akanyamaza akijua.

Jumapili tunakuja kaburini kwako sote. Bibi amekataa kushikwa mkono na yeyote kati yetu. Amesema atashikwa na Upesi, na kama Upesi hataki, atatambaa.

Tumemtumia ujumbe, hajajibu. Lakini jana jioni alipita akapigilia dirisha la nyuma, na alipomaliza akaomba maji ya kunywa.

Tungali nawe, Baba, na hatutakusahau.