Kafi la Tatu

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yamebaki kutiwa chumvi tu. Kitinda mimba anywe dawa akiamka. Maranda ya barazani msiyaguse, nitafagia mwenyewe.

Kafi la kwanza nililochonga nililitoboa matundu, maji yakapita kama kwenye chujio. La pili nililichimba kama upawa, likaniumiza bega, ndipo ukasema kayaki yangu tuigawe. Jana nilipomaliza la tatu, lenye mabapa marefu na membamba kama rula, ukauliza, “Hilo kafi au mwiko?” Watoto walicheka. Mimi sikucheka.

Leo alfajiri nimekwenda nalo ziwani. Kila pigo lilikuwa jepesi, kwa hiyo nikapiga mengi. Nimefika ng’ambo na kurudi, mara ya kwanza tangu nianguke ngazini bega likateguka. Niliporudi nilisuka nywele zangu mwenyewe, mikono yote miwili juu. Nyinyi mlikuwa bado mmelala.

Sasa naenda tena na wifi, anataka kuona kwa macho yake.

Yule fundi redio uliyemwahidi kayaki akija saa sita, ~~mpe, na umsaidie kuibeba~~ mwambie mwenyewe bado anaitumia.

Mama watoto