Mpira Niliourusha Jumanne

Alhamisi, saa tisa alasiri. Jua kali, na mimi nasikia baridi.

Naandika kwenye simu, nimekaa kwenye benchi la hospitali hapa Kibiti. Kila neno nalifuta mara mbili.

Mnaonisoma humu mnayajua majigambo yangu. Zamani niliichezea kriketi timu ya mkoa, nikirusha mpira kwa mkono wa kushoto, na wapigaji walikuwa wananiogopa kweli. Magoti yakanikatalia, nikawa mwalimu wa hesabu, baadaye nikapewa na uratibu wa michezo wa wilaya. Mwaka huu nikaanzisha timu ya wasichana. Vifaa vyote visingepatikana kwa pamoja, ikabidi nichague kipi kitangulie. Nikachagua mipira halisi, ile migumu ya ngozi. Kofia za kujikinga zije baadaye.

Nilitaka ionekane kriketi ya kweli.

Zuhura wa kidato cha pili ndiye bora kuliko wote. Amekulia kwenye kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, anawatupia madongo tangu mdogo, na jicho lake halikosei. Jumanne mazoezini aliipiga mipira yangu mitatu mfululizo, yote ikavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, mikimbio sita kila mmoja. Wenzake wakapiga vigelegele: "Mwalimu kachoka huyo!" Wa nne niliurusha kwa nguvu zangu zote. Ukampata juu ya sikio. Alianguka, akainuka, akacheka, akasema hajaumia. Nikamwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

Jana hakuja shule. Kwenye daftari la mahudhurio nikaandika "yupo shamba". Ndivyo tunavyoandika walimu wote msimu huu. Mpunga ukianza kuiva, familia zinahamia bondeni, zinalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, watoto wafukuze ndege mchana kutwa. Simu huko hazishiki. Mtoto asipoonekana, hakuna anayeuliza.

Leo asubuhi nimeliita jina lake, kimya. Nimeanza kuandika yale yale, mkono ukagoma.

Nikachukua bodaboda hadi Mkongo, nikashuka bondeni kwa miguu. Kila dungu lilikuwa na kelele za madebe na watoto. La kina Zuhura lilikuwa kimya, na ndege walikuwa wametua kwenye mpunga, wanakula watakavyo. Nikapiga hodi chini ya nguzo.

Mama yake alichungulia. "Mwalimu! Umetufuata mpaka huku matopeni? Allah akujaze kheri. Mtoto homa, toka jana anatapika tu. Nimempa dawa ya malaria."

Nikamwambia siyo malaria, mpira ulimpiga kichwani juzi. Hakunilaumu. Alijifunga kanga kiunoni, tukamtoa mtoto, tukamleta hapa hospitali.

Sasa wanasubiri gari la wagonjwa limpeleke Dar, akapigwe picha ya kichwa. Niliruhusiwa kuingia kumwona. Akafumbua macho, akaniuliza, "Mwalimu, nilipata mikimbio mingapi?" Nikamwambia kumi na nane. Akatabasamu, na mimi nikashusha pumzi, nikajua yu mzima.

Hazikupita dakika tano. "Mwalimu, nilipata mikimbio mingapi?"

Mpaka natoka alikuwa ameuliza mara nne, na kila mara alitabasamu upya.

Naogopa. Naogopa atakufa, au atabaki hivyo hivyo akiniuliza. Na hili naona aibu kulisema: naogopa pia kwa ajili yangu, kazi yangu, jina langu. Hofu hizi mbili zimekaa pamoja, na sijui ipi kubwa.

Punde hivi Mama Zuhura ametoka, akakaa kando yangu.

"Mwalimu, kwani huo mpira karusha nani? Mwenziwe?"

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Hakuna ambaye angenipinga leo.

"Mimi, mama."

Hakupandisha sauti. "Ah, mchezo huo. Najua ulimrushia polepole, mtoto wa kike yule."

Sikumjibu. Gari limeingia getini na yeye amenyanyuka kwenda kumshika mwanawe mkono. Nami napanda nao. Hadi Dar ni mwendo mrefu, tutakaa tumetazamana, mtoto katikati yetu. Kabla hatujafika Mkuranga nitakuwa nimemjibu.