Picha ya Baba Atu Iliyofungiwa Mtandaoni

Tukuyu

Kaka yangu Ambrosi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mguu wa mama vipi, bado unamsumbua akiinuka? Wewe na wifi mmemaliza korosho salama? Mimi nipo, mvua haikati, nguo nazikausha juu ya jiko, ila Mungu ananishika.

Umeniuliza kama uhamishie kazi za duka mtandaoni, kama mkweo anavyokushauri, akisema atakufungulia yeye, na kama tulivyofanya sisi hapa studio. Ningekupigia simu, lakini nina hasira, ningeishia kulia.

Paa letu lilipovuja, kompyuta ilikufa na picha za watu. Ndipo bosi wangu, Baba Tusa, akamleta fundi kutoka Mbeya. Akatueleza kuwa picha zitatunzwa kwenye kompyuta za kampuni, huko mbali, sisi tunalipia kila mwezi na kuzifungua kwa intaneti hata kama kompyuta yetu imeibwa. Kaka, ni kweli kabisa. Tulifanya kazi kwa raha, na huyo fundi nilimwombea. Kumbe akaunti aliifungua kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, na hakuna aliyeuliza.

Juzi akataka awe mbia wa studio. Baba Tusa akakataa. Fundi akabadilisha namba za siri, akatufungia nje.

Kesho yake akaja Mama Atu kutoka Masoko, macho yamevimba. Mumewe amefariki. Tulimpiga picha hapa siku ya kipaimara cha Atu, amevaa koti, anacheka, nyingine hana. Aliitaka ikae mbele ya jeneza, maana msiba wa huku unajaa watu, na ndugu wanatoka mbali. Nikampigia fundi, nikamsihi. Akasema, "Dada, studio ni yenu. Picha ziko kwangu."

Baba Tusa akaninong'oneza nimwambie mjane mtandao unasumbua.

"Bosi, Jumapili nashiriki meza ya Bwana," nikamjibu. "Mwambie mwenyewe."

Akainamia kamera, akajifanya anaifuta vumbi. Nikamweleza Mama Atu ukweli wote. Hakutukana. Aliuliza tu, "Kwani huyo fundi anamfahamu mume wangu?"

Wakazika bila picha.

Baada ya maziko ndipo Baba Tusa akaenda kumshtaki fundi kwa wazee wa kanisa analosali, naye akaachia. Sasa akaunti ni ya studio, na namba za siri tunazo bosi na mimi. Kazi ya asubuhi moja, kaka, na ingefanyika tangu mwanzo. Kwa hiyo wewe hamia, ni jambo jema. Ila iwe kwa jina la duka, funguo uwe nazo wewe na wifi, na nakala ibaki nyumbani. Mkweo akinuna, mwache anune.

Picha niliichapa, nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikaipeleka Masoko mwenyewe. Mama Atu alikifuta kioo kwa kanga yake, akaitundika, akasema "Ndaga", ndiyo asante ya kwao. Akanipakulia ndizi.

Nisalimie wifi, shangazi mshona nguo, na mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma. Na mama apigwe picha siku anayocheka. Unitumie ya karatasi.

Ndimi mdogo wako, ninayewataja kila jioni nikipiga magoti,

Eda