Sheria ya Kikombe cha Togwa

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie upesi maana Jumamosi inakaribia na moyo unanidunda kwa mambo mawili kwa pamoja, furaha na hofu, hata sijui lipi limeanza.

Naitwa Edith, naishi Kizwite hapa Sumbawanga, na kila Jumamosi mchana tunakutana vijana wanne sebuleni kwetu kucheza mchezo wa mezani niliojifunza nilipokuwa chuo Mbeya, mchezo wenyewe ni hadithi, yaani kila mchezaji ana mhusika wake anayemsemea na kumwamulia, mimi ndiye msimulizi, nawaambia mmefika kwenye daraja, kuna majitu, mnafanyaje, wao wanajibu, tunarusha dadu kuona kama wamefaulu, na tukishaanza hata mvua ipige bati namna gani hatuisikii. Kuna na dawa, na kabla hujashtuka, najua sifa za mji wetu, hizi si za waganga, ni za kwenye hadithi tu, mhusika akijeruhiwa anakunywa anapona.

Sasa shida ilianzia kwenye hizo dawa. Zamani watu walikuwa wanazinywa hovyo, mtu akikwaruzwa kidogo anasema nakunywa dawa, zamu inayofuata tena nakunywa dawa, hakuna anayekufa wala anayeogopa, mchezo ukapoa kama ugali wa jana, ndipo nikatunga sheria ya nyumbani kwetu kwamba mhusika wako akinywa dawa na wewe unakunywa, kikombe cha togwa ya ulezi kilichojaa hadi ukingoni, kwa mkupuo mmoja, bila kumwaga, na hakuna wa kukunywea. Ukishindwa, dawa haikufanya kazi. Mshauri, ungeona sebule ilivyobadilika, watu wanasimama, wanapiga meza, mama anaacha chungu jikoni anakuja kuchungulia nani anapona na nani anakwenda. Mwaka jana Cleophas, ambaye ni fundi simu na mbishi kuliko sisi wote, alicheka katikati ya kikombe, togwa ikamtokea puani, na mhusika wake Kifaru, mbeba ngao, akafa palepale, na Cleophas alikubali ingawa alikaa wiki nzima hana raha.

Jumamosi iliyopita ndipo yaliponikuta. Kulsumu ni rafiki yangu tangu shule ya msingi, sasa anamsaidia baba yake duka la vifaa vya ujenzi mjini, na mhusika wake ni Siwema, mpiga upinde. Siwema hupiga kwa mbali, hajawahi kujeruhiwa vibaya, kwa hiyo sheria ya kikombe haikuwa imemgusa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba huu ni mwezi wa Ramadhani na Kulsumu amefunga, maana sisi wengine tuko kwenye Kwaresima lakini togwa tunakunywa. Basi daraja likaanza kukatika, majitu yako nyuma, Kulsumu akasema Siwema anabaki kulishika ili wenzake wavuke, na akalishika kweli, dadu zikamkubali, zikamkubali tena, sisi tumeshasimama tunapiga kelele, halafu zikamkataa, Siwema akaanguka na mkuki ubavuni. Wilibrodi, mchezaji wetu mwingine, mtu muungwana asiyependa ugomvi, akajaza kikombe bila kufikiri akamsogezea Kulsumu. Kulsumu akakitazama tu. Hapo ndipo sote tulipokumbuka.

Wilibrodi akaomba amnywee yeye. Cleophas akakataa, akasema sheria haikumhurumia Kifaru. Wakanitazama mimi, na kabla sijafungua mdomo Kulsumu akakirudisha kikombe katikati ya meza.

"Mimi nimefunga," alisema. "Siwema acheni afe."

Nikatangaza kwamba Siwema amefariki, nikamgeukia Wilibrodi nikamwambia zamu yako. Mchezo ulipoisha Kulsumu akachukua mwavuli wake akaondoka, na tangu siku hiyo nikimtumia ujumbe ananijibu "poa" basi.

Mshauri, Jumamosi hii tunafika kwenye lango la ngome ambayo tumeitafuta karibu miaka miwili, sijawahi kuandaa hadithi tamu namna hii, usingizi siupati kwa hamu, na huku kundi limepasuka. Wilibrodi anasema nimfufue Siwema. Cleophas anasema akifufuka Siwema na Kifaru afufuke, la sivyo yeye hachezi. Nikiishika sheria nampoteza rafiki, nikiilegeza nampoteza Cleophas pamoja na sheria yenyewe iliyotuletea utamu wote. Nifanye nini?

Edith, Kizwite

*

Edith, marahaba. Mchezo wenu sikuwa naujua kabisa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili, pale darajani, nilijikuta nimesimama. Kwa hiyo hongera kwanza. Kuwatoa vijana kwenye simu zao Jumamosi nzima kwa ajili ya daraja ambalo halipo si kazi ndogo.

Pongezi zimeishia hapo. Umenieleza anachotaka Wilibrodi, umenieleza anachotaka Cleophas, umenieleza na hofu zako. Kulsumu anataka nini? Mnagombania uhai wa mhusika wake na mwenye mhusika hamjamwuliza. Na hiyo sheria yako, ulipoitunga uliwaza vicheko tu, hukuwaza matumbo ya wenzako. Ungejisikiaje mchezo ungekudai ule nyama Ijumaa ya Kwaresima, huku watu wanakupigia meza?

Kwa kuwa Jumamosi ilikuwa karibu kuliko gazeti, nilikupigia kwa namba uliyoacha, nikakutuma dukani kwa baba yake Kulsumu. Ulinung'unika, ukasema labda ungesubiri hasira zipoe, lakini ulienda. Uliponipigia tena ulikuwa unaongea kwa kasi hadi nikakuomba upumue.

Wasomaji wangu nao wajue yaliyotokea. Kulsumu hakuwa na hasira na sheria, wala hakutaka Siwema afufuliwe. Alikuwa anampimia mteja misumari, akamwambia Edith bila kuinua macho: "Siwema alikufa vizuri, ukimfufua unamharibia. Kilichoniuma ni wewe. Amekufa, ukasema zamu yako, kama vile limefutwa vumbi mezani."

Edith alimwomba radhi hapohapo, mbele ya mteja, na kwenye simu akaniuliza afanye nini. Nikamwambia azike. Siwema azikwe, na Kifaru naye, maana Cleophas amebeba msiba wake mwaka mzima peke yake na wenzake wamemwita mbishi.

Jumamosi wakaanza na mazishi. Hakuna majitu, hakuna kurusha dadu. Wilibrodi alieleza jinsi alivyovuka daraja bila kugeuka nyuma, akashindwa kumaliza. Ilipofika zamu ya Kifaru kuzikwa, aliyeomba kumsemea ni Kulsumu, na alikumbuka kila mtu ambaye ngao ile ilimkinga, hata wale ambao Cleophas mwenyewe alishawasahau. Cleophas alitoka nje akasema anaangalia mvua. Aliporudi, Kulsumu akamtambulisha mhusika wake mpya, mdogo wake Siwema, aliyetembea siku nyingi kuja kudai upinde wa dada yake. Edith anasema sebule ililipuka. Lango wamelifungua. Kilichokuwa ndani amekataa kuniambia, ati niende nikacheze.

Sasa Edith, nisikilize. Togwa ibaki, kwa anayeitaka. Aliyefunga, anayeumwa, au ambaye siku hiyo hajisikii tu, amchague mwenzake amnywee, na wote wawili wapoteze zamu yao. Dawa itakuwa na gharama, na ile hofu unayoipenda haitapungua. Mtu asiulizwe sababu. Sheria mpya itangaze kabla dadu hazijarushwa, si mtu akiwa ameshalala na mkuki ubavuni, na waulize wote kwanza kama wanaikubali. Waliokufa hawafufuki. Hapo Cleophas alikuwa na haki, na umwambie hivyo kwa mdomo wako. Mhusika akifa, simamisha hadithi, mpe mwenye mhusika nafasi ya kusema neno la mwisho, ndipo uite zamu inayofuata.

Jambo la mwisho halihusu mchezo. Huyu ni rafiki yako tangu shule ya msingi, na kwa ulivyoandika naona siku hizi mnakutana Jumamosi tu, mezani, wewe ndiye msemaji. Kabla Ramadhani haijaisha, peleka ulezi kwao, na wakikukaribisha kufuturu usikatae. Kaa karibu na Kulsumu, na jioni hiyo mwache yeye asimulie.